Ng'ombe Wawili wa Kisoko na Jiko la Nekesa

Safari nzima, kwenda na kurudi, ilinila shilingi elfu kumi na moja na mia nne za Kenya. Humo ndani kuna nauli yangu, kibali cha mifugo, chai ya njiani na pikapu ya kumbeba ng'ombe mmoja ambaye hakuchangia kitu. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya kwanza nilipata elfu kumi na moja na mia mbili, nikafurahi, kisha nikakumbuka maji aliyonunuliwa ng'ombe pale mpakani.

Sababu ya kuondoka ilikuwa mahari. Ndugu yangu Wandera alimwoza binti yake Nekesa miaka minne iliyopita kwa kijana aitwaye Owori, mtu wa Kisoko, mbele ya Tororo, upande wa Uganda. Walikubaliana ng'ombe sita. Wanne walikuja, wawili wakabaki kwenye maneno. Wangebaki huko huko, maana Wandera si mtu wa kudai, lakini mwaka huu mwanawe Barasa alipata msichana wa Nambale, na kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka. Msichana mwenyewe alikwisha kuja, anaishi kwa Barasa, na tumbo limeanza kuonekana. Wazazi wake walituma neno, wakalituma tena: mahindi yakivunwa kabla hawajaona hata kwato, watakuja kumchukua mtoto wao pamoja na alichobeba.

Nilitumwa mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza, baba wa binti hawezi kwenda kulala kwa mkwe wake, na mama yake ndiyo kabisa, jiko la mkwe asilione hata kwa mbali. Shangazi hana kizuizi hicho. Shangazi anaingia mpaka jikoni, anafunua sufuria, anauliza kwa nini chumvi ni kidogo. Ya pili, mimi ni muuza mayai wa Busia, upande wa Kenya, na trei zangu nyingi hutoka Uganda. Wandera alisema mtu anayeweza kumshusha bei mfugaji wa kuku mbele ya mke wake hawezi kushindwa na kijana mmoja.

"Ulete wawili," akaniambia.

"Wakiwa wamekonda?"

"Ulete wawili, dada. Habari ya kukonda ni yangu."

Jumanne asubuhi nilivuka mpaka kwa miguu, mkoba mmoja, kitambulisho mkononi. Wabadilishaji pesa walikuwa wameshakaa kwenye viti vyao na maburungutu yao. Mmoja ananijua kwa jina la Mama Mayai, na kwa sababu ananijua alinipa noti nikiwa nimesimama, akangoja nihesabu, akangoja nihesabu tena. "Leo huendi Rubongi kununua mayai?" akauliza. Nikamwambia leo naenda kununua ng'ombe waliokwisha lipiwa. Akasema hao ndio wa bei mbaya kuliko wote. Nikaendelea kuhesabu.

Tororo nilifika kabla ya saa sita. Pale stendi nilishindana na kijana wa boda kuhusu nauli ya Kisoko. Alitaja bei ya mgeni. Nikamwambia kwa bei hiyo yeye ndiye apande, mimi niendeshe. Akacheka, akashusha. Nikamwambia anicheke tena. Akashusha kidogo zaidi, kisha akafunga mdomo ili asije akapata hasara kabisa. Tukaliacha lile jabali la Tororo nyuma yetu, tukapita mashamba ya muhogo na mahindi yaliyoanza kukauka, mtama huku na huku, udongo mwekundu ukitupanda mpaka magotini.

Kisoko, nyumbani kwa Owori, nilikaribishwa na mama yake. Ni mama mrefu, mjane, anayeongea polepole kama mtu anayepima sukari. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza habari za watu wote kwa majina, mpaka wale waliokwisha kufa. Owori mwenyewe alitoka nyuma ya nyumba akiwa amevaa buti za mpira, akapiga goti moja chini kunisalimu, akaomba radhi kwamba hatanishika mkono kwa sababu ya kazi aliyokuwa akifanya. Nilinusa, nikaielewa kazi.

"Karibu, Shangazi. Umekuja kutuona?"

"Nimekuja kuwaona nyote," nikasema. "Na wale wawili wa nyuma pia."

Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa ameelewa.

Nilimkuta Nekesa jikoni, na hapa lazima nieleze nilichokiona, kwa kuwa ndicho kilichoharibu hesabu yangu. Mara ya mwisho nilipoingia jiko lile, mwaka wa kwanza wa ndoa, nilitoka macho yakinitiririka, na Nekesa alikuwa anakohoa kama gari la zamani linalowashwa asubuhi. Safari hii hapakuwa na moshi. Kuta zilikuwa bado nyeusi za miaka ile, lakini katikati, juu ya meza ya saruji, kulikuwa na jiko la chuma la mafiga mawili, na mpira mmoja unaotoka ukutani. Nekesa alizungusha kifundo, akawasha kiberiti. Moto wa buluu ukatoka kimya, ukakaa. Sikuwa nimemaliza kufungua kamba za viatu chai ilipochemka.

"Hiyo ni gesi ya mtungi?"

"Ya mtungi tungeiweza wapi, Shangazi? Ni bayogesi. Inatoka kwa ng'ombe."

"Kwa ng'ombe upande gani?"

"Upande huo huo unaoufikiria."

Nekesa amenenepa kidogo, mashavu yamerudi. Akaniambia kila siku anapika chapati arobaini na mandazi sitini, anapeleka pale senta penye maduka na kwenye shule, zinaisha kabla ya saa nne. Zamani alikuwa anaamka kutafuta kuni mpaka upande wa pili wa bonde, na kuni zenyewe ni ugomvi, maana kila mti una mwenyewe. Sasa pesa ya chapati inalipa ada ya chekechea ya mtoto, inanunua sabuni, na nyingine anaificha mahali ambapo hakuniambia. Nilifurahi kwamba hakuniambia. Mwanamke anayeanza biashara akitaja mahali pa pesa zake, hata kwa shangazi, bado hajaiva.

Kisha akakaa kwenye kigoda, akanitazama.

"Baba amekutuma kuchukua ng'ombe."

"Wawili."

"Shangazi, mimi nampenda Barasa. Ni kaka yangu. Lakini hao ng'ombe, mimi nikiwaona wanatoka hapo bandani, naona jiko langu linatembea. Lina miguu minane."

Nilikunywa chai yangu. Sokoni, anayejaza kimya ndiye huishia kulipa.

Jumatano, jua likichomoza, nilitoka kwenda kuona bidhaa. Ng'ombe walikuwa kwenye banda la mabati, wamefungwa, chini kumepigwa saruji yenye mteremko. Niliwahesabu mara mbili, wakawa wawili mara zote mbili. Mmoja alikuwa jike kubwa la rangi nyekundu na nyeupe, chotara wa maziwa, mwenye tumbo kama pipa. Mwingine alikuwa mweusi, mdogo, bado hajazaa. Yule mkubwa anaitwa Meneja. Nilipouliza sababu, Owori akasema ni kwa sababu hapa nyumbani hakuna kinachoanza mpaka yeye amalize.

Alichomaanisha nilikiona mara hiyo. Owori alikwangua samadi ya usiku kwa reki, akaijaza kwenye ndoo. Upande wa Meneja ulijaza ndoo moja na nusu. Upande wa mweusi ulijaza nusu, na hapo Owori alikwangua mpaka saruji ikalia. Akamimina zote kwenye kibirika cha saruji kilicho kando, akaongeza ndoo mbili za maji, akavua saa, akaingiza mikono mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anatafuta majani magumu na vijiti, anavitupa pembeni. Alivunja mabonge yote mpaka ikawa uji. Ndipo akachomoa kizibo, uji ukashuka ukipiga mbubujiko kwenye bomba, ukapotea ardhini.

"Chini hapo kuna nini?"

"Kuna nyungu kubwa ya matofali, nimefukia. Uji nakaa ndani, naoza, natoa gesi. Gesi napanda juu, nakwenda jikoni. Uji mpya nikiingiza, ile ya zamani natoka upande ule." Katika Kiswahili cha upande wao, 'na' moja hubeba kila mtu na kila kitu. Akanionyesha shimo jingine, mahali ambapo tope jepesi lisilo na harufu lilikuwa limejaa, na mfereji unaolipeleka kwenye migomba. Migomba yenyewe ilikuwa minene kuliko mimi, na mimi si mwembamba.

Nilimuuliza kuhusu mabua ya mahindi na maganda ya muhogo, kwa sababu yalikuwa yamerundikwa kando ya banda, lundo limefika kifuani, na mimi sipendi kuona kitu kimelala bila kuingiza chochote. Akasema mwanzoni alijaribu kuyatia moja kwa moja kwenye nyungu. Yakaelea, yakafanya gamba juu kama utando wa uji uliopoa, gesi ikakwama chini yake. Ilibidi afungue, aingize mti mrefu, akoroge siku nzima. Tangu hapo mabua yanakatwakatwa, maganda yanakaushwa, yote yanapitia kwa ng'ombe kwanza.

"Kumbe ng'ombe ndiye kinu," nikasema.

"Ndiye kinu, ndiye fundi, ndiye tajiri," akasema. "Mimi ni mfanyakazi tu."

Baada ya chakula cha mchana tulikaa nje, mimi, Owori na mama yake. Nekesa alikuwa karibu, anapepeta karanga ambazo nina hakika zilikuwa zimeshapepetwa. Mama Owori ndiye aliyeanza.

"Mama Mayai, deni tunajua. Hakuna mtu hapa nakataa deni."

"Nashukuru, mkwe wangu. Basi tumemaliza, nitafute pikapu."

"Pole pole. Wewe umelala hapa, umeona. Ile ng'ombe mbili zikitoka, huyu mtoto wenu narudi kwa moshi."

"Mtoto wetu ana kaka," nikasema. "Kaka ana mke mwenye mimba ambaye si mke bado. Wanambale wakija kumchukua, mjukuu wa Wandera atazaliwa kwa watu. Nikirudi mikono mitupu, nimwambie ndugu yangu nini? Kwamba nimekunywa chai iliyochemka haraka?"

Owori akakuna shingo. "Shangazi, naomba muda."

"Muda umekula miaka minne, na bado una njaa."

Mama Owori akacheka ndani ya pua. Kisha akasema waniongezee mbuzi wawili badala ya ng'ombe mmoja. Nikasema mbuzi anaoa nani? Akasema watatu. Nikasema sikuja kufungua bucha. Tukaendelea hivyo mpaka kivuli cha banda kikatufikia miguuni. Mwishowe tulikubaliana ng'ombe mmoja aende sasa, wa pili aende baada ya yule atakayebaki kuzaa, yaani ndama ndiye abaki Kisoko na mama aje kwetu, au kinyume chake, tutakavyoona. Hilo la mwisho niliacha lielee kwa makusudi. Maneno yanayoelea yana faida kwa mwenye kumbukumbu nzuri.

Ikabaki yupi aende.

"Huyu mweusi," Owori akasema. "Ni mtamba, Shangazi. Ana miaka mbele yake. Kwa mahari ni mzuri sana."

Nikamtazama mweusi, nikamtazama Meneja. Mimi nimefanya biashara mpakani muda mrefu. Mtu akikusifia trei moja, angalia ile aliyoisukuma nyuma. Nikasema namtaka mkubwa.

"Shangazi, huyo ndiye anajaza nyungu. Umeona mwenyewe ndoo."

"Nimeona ndoo. Ndoo ni mbili, yeye anatoa moja na nusu. Mimi nitakuletea hiyo moja na nusu."

"Kutoka wapi?"

Hapo ndipo nilipotoa karata yangu, na nilijivuna nayo. Mfugaji ninayenunua mayai kwake, kule Rubongi, ana kuku wa mayai mia kadhaa, na kinyesi chao ni mzigo kwake. Kila nikienda nakuta magunia yameegemezwa ukutani, analalamika kwamba hakuna pa kuyapeleka. Nilikuwa nimesikia kwa watu kwamba kinyesi cha kuku kina nguvu kuliko cha ng'ombe. Kwa hiyo magunia ni bure, Rubongi si mbali, na Owori ana baiskeli.

Owori hakuruka kwa furaha. "Kuku ni kali," akasema. "Natakiwa kidogo, na maji mengi. Na lazima iwe safi, bila takataka."

"Wa Rubongi ni safi. Mayai yake huyajui? Hata unyoya hayana."

Nikampigia yule mfugaji simu palepale, nikaweka sauti ya nje wote wasikie. Akasema, "Chukua zote, Mama Mayai, hata kesho, na Mungu akubariki." Mama Owori akamtazama mwanawe, akainua mabega. Nekesa aliacha kupepeta. Aliniuliza swali moja tu.

"Shangazi, una hakika?"

"Nimehesabu mara mbili," nikasema. Na ni kweli nilikuwa nimehesabu, magunia.

Alhamisi asubuhi Meneja alipandishwa kwenye pikapu. Alikataa, akasukumwa, akakataa tena, mwishowe akapanda mwenyewe kama mtu aliyekuwa anangoja tu aombwe vizuri. Kabla ya kupanda aliangusha bonge moja kubwa pale mlangoni mwa banda. Owori alilizoa mara moja kwa mikono, hakuacha hata kiganja. Mama Owori alimpaka ng'ombe majani mgongoni, akasema maneno ya Kidhopadhola, lugha ya kwao, ambayo sikuyauliza. Nekesa hakutoka jikoni. Alinitumia chapati sita kwa njia ya mama mkwe, zimefungwa kwenye gazeti, bado moto.

Tororo tulisimama kwa daktari wa mifugo kwa ajili ya kibali. Alimzunguka Meneja, akamtazama mdomo na kwato, akauliza ng'ombe ni wa biashara au wa kufuga.

"Wa mahari."

"Hapa hakuna sehemu ya mahari, mama. Kuna biashara, kufuga, kuchinja."

"Basi andika kufuga. Kuchinja usiandike, ndugu yangu atasikia vibaya."

Aliandika kufuga, akapiga muhuri, akatutakia ndoa njema. Sikumweleza kwamba ndoa zenyewe zilikuwa mbili.

Busia, mpakani, tulipanga foleni kwenye jua. Ndipo nilipomnunulia Meneja maji yale niliyosahau kwenye hesabu. Alikunywa ndoo nzima, akashusha nyingine yake pale kwenye lami, na vijana wa mizigo wakaanza kulalamika na kuziba pua. Nikawaambia kuna mtu Kisoko angekimbia na beseni kwa hilo. Wakadhani ni mzaha. Mmoja akauliza kama nauza. Nilikaribia kutaja bei, ni mazoea tu.

Nyumbani kwa Wandera tulifika alasiri. Alitoka, akatazama nyuma ya pikapu, akatazama barabarani kama kwamba kuna gari la pili linakuja.

"Mmoja?"

"Hesabu kwa uzito."

Akamzunguka Meneja, akampapasa mbavu, uso ukalegea. Barasa alikuja akashika kamba kama mtu anayeshika usukani wa gari jipya. Siku ya pili walituma mtu Nambale, na Wanambale wakasema ng'ombe kama huyo watamngoja, na mwenzake watamsubiri. Wakataja Jumamosi ya kumpokea, mahindi yakishaingia ghalani. Kwa siku kadhaa nilisifiwa katika ukoo mzima. Mke wa Wandera alinipikia kuku, nami nilimla bila kufikiri chochote kuhusu kuku.

Wiki mbili baadaye, nikiwa sokoni katikati ya trei, Nekesa alinipigia simu. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Shangazi, moto umekufa."

Yaliyotokea ni haya. Owori alileta magunia matatu kutoka Rubongi. Alipoyafungua, nusu yake ilikuwa maranda ya mbao, yale yanayotandazwa chini kuku wakae pakavu. Mimi miaka yote nanunua mayai pale, lakini mnunuzi huishia getini. Unakanyaga dawa kwenye beseni, unapokea trei, unalipa. Hakuna mfugaji anayemruhusu mtu wa sokoni aingie bandani, anaogopa tutamletea ugonjwa. Kwa hiyo mayai yake nayajua moja moja, ila sakafu ya banda lake sijapata kuiona. Nilidhani kuku wake wako kwenye vizimba vya waya. Wako chini, kwenye maranda.

Owori alichambua alivyoweza. Aliosha, akachuja kwa gunia, akatia. Yaliyopita yakaelea, yakafanya gamba. Moto ukawa mfupi, ukawa wa njano, maharage yakawa hayaivi. Alifungua nyungu, akakoroga, moto ukarudi kwa siku mbili, ukaondoka. Sasa anatia ile nusu ndoo ya mweusi peke yake, na inatosha kuchemsha chai ya watu wawili ikiwa hawana haraka. Walijaribu kuomba samadi kwa majirani. Zamani majirani walikuwa wanaitupa. Sasa wameona Owori anaikimbilia na beseni, wameanza kuitajia bei kwa ndoo. Hilo siwezi kuwalaumu. Ningekuwa mimi, ningeanza mapema zaidi.

"Chapati?" nikamuuliza Nekesa.

"Nimerudi kwenye kuni. Napika kumi na tano. Mwalimu mkuu ameuliza kama nimeacha biashara."

Nilifunga meza yangu mapema, jambo ambalo majirani zangu sokoni wanaweza kushuhudia halitokei, nikaenda kwa Wandera. Meneja alikuwa pale uani, amefungwa kwenye mti wa mpera, anatafuna. Samadi yake ilikuwa imetapakaa kila mahali na hakuna aliyejua la kuifanyia. Nikamwambia ndugu yangu kwamba kwa kuwa Jumamosi ya Wanambale bado, tumrudishe Meneja Kisoko, tumchukue mweusi. Kubadilishana tu, kama trei yenye yai la ufa.

Wandera aliweka mkono mgongoni kwa Meneja.

"Dada, huyu ni ng'ombe wa mahari. Akirudi kwa njia aliyokuja, watu watasema nini?"

"Watasema tumebadilishana."

"Watasema Nekesa ameachwa. Ng'ombe wa mahari anaenda upande mmoja. Akionekana anarudi, ndoa imevunjika, na kesho kuna mwanamke mwingine anamtolea macho Owori kwamba yuko huru. Hata Wanambale wakisikia, watauliza sisi ni watu wa namna gani."

"Tukisema ni wa mkopo?"

"Wewe utasimama barabarani kuanzia hapa mpaka Kisoko unamweleza kila mtu? Ng'ombe mwenyewe hawezi kusema kwamba ni mkopo."

Nikasema basi mimi ninunue mwingine kwa pesa yangu, nimpeleke. Akasema akitoka upande wetu kwenda upande wao, ni yule yule, rangi tu imebadilika. Nikampigia simu Mama Owori, nikidhani kwao labda desturi ni laini. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Mayai, hata mimi nikiona hiyo ng'ombe inashuka hapa, nitaanza kufunga nguo za Nekesa, na mimi sitaki aende." Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake ya kupima, kwamba siku ile pale nje nilipomchagua mkubwa alitaka kunizuia, ila aliona nimefurahi sana.

Nilichojifunza ni kifupi. Bayogesi ni kitu cha kweli, nimeiona, nimekunywa chai yake. Mabua yanaingia kwa ng'ombe, samadi inaingia ardhini, moto unatoka jikoni, tope linakwenda kwenye migomba, na hapo katikati hakuna kinachotupwa. Nyungu inataka kula kila siku, chakula kilekile, kiasi kilekile. Anayetaka kuijenga ahesabu ng'ombe wake kwanza, kisha ahesabu na wale wanaodaiwa. Na anayetaka kuilisha kinyesi cha kuku aingie bandani kwa miguu yake akaone sakafu.

Hilo limeshaeleweka. Lisiloeleweka ndilo linalonifanya niandike haya yote. Jumamosi ijayo Meneja atakwenda Nambale, na akishafika huko si wetu tena, hata kwa kuongea. Akibaki, Barasa hana mke. Akirudi, Nekesa hana mume. Akienda, Nekesa hana moto. Nimeipiga hesabu hiyo zaidi ya mara mbili, na kila mara inakataa kutoka.

Ninaamini kati ya wanaosoma kuna mtu wa Busia, au wa Kwapa, au wa popote watu wanapooana kuvuka mpaka, aliyewahi kukwama hivi akajinasua. Labda kuna namna ya kuchambua maranda ambayo Owori haijui. Labda kuna sherehe ndogo, au mzee wa kusindikiza, au njia ya kuzunguka. Anayejua jinsi ya kumrudisha ng'ombe bila kumrudisha binti, aje aniambie kabla ya Jumamosi. Niko sokoni, upande wa mayai. Chai nitalipa mimi. Mandazi tutaelewana.